Kikundi cha familia: Wajukuu wa Babu, Ngamiani

*Alhamisi*

06:41 Shangazi Mwanaidi: Asalaam alaykum. Babu yenu kalala tangu jana alasiri. Ukimwita anaitika "naam" halafu huyo, karudi usingizini. Leo zamu ya mashine ya kusafisha damu saa mbili. Naona tumwache apumzike, twende kesho.

06:44 Zuhura: Waalaykum salaam shangazi, shikamoo. Homa anayo?

06:45 Shangazi Mwanaidi: Marahaba. Hana. Juzi usiku miguu ilimwaka moto hakulala, nikampa valiamu ya 5, apate usingizi. Jana mchana nikamwongeza nusu.

06:47 Mjomba Salim: Mwanaidi! Mzee wa figo unamlisha valiamu??

06:48 Shangazi Mwanaidi: Kaka ungekuja kukesha naye wewe.

06:48 Zuhura: Taratibu jamani. Khalfani amka, mfamasia ni wewe.

06:55 Khalfani: Shikamooni. Shangazi, mpime sukari sasa hivi. Kisha hesabu anavyopumua dakika nzima. Mlaze ubavu, usimnyweshe kitu.

07:02 Shangazi Mwanaidi: Sukari 7.4. Pumzi 14.

07:03 Khalfani: Alhamdulillah. Insulini nayo hukawia mwilini figo zikichoka, ndiyo maana nimeanzia huko. Sasa nipige picha dawa ZOTE. Na zile za kwenye kopo la kabatini.

07:09 Shangazi Mwanaidi: 📷

07:11 Khalfani: Hizi kapsuli za gabapentini 300 anakunywa ngapi?

07:13 Shangazi Mwanaidi: Tatu kwa siku, za miguu. Alikuwa kaziacha, nimemrudishia Jumanne alipotoka mashine. Cheti ni kile cha mwaka juzi, dukani wananijua.

07:14 Khalfani: Mwaka juzi alikuwa hajaanza mashine.

07:14 Shangazi Mwanaidi: Eeh.

07:15 Khalfani: Basi mshukiwa wa kwanza kwangu ndiyo huyo, hata kabla ya valiamu. Gabapentini haivunjwi na ini hata kidogo. Inatoka kwa mkojo vilevile ilivyoingia. Babu kwa siku anakojoa kiasi gani?

07:16 Zuhura: Kikombe cha kahawa, na si kila siku.

07:19 Khalfani: Ndiyo hivyo. Mtu mwenye figo nzima, nusu ya dawa inamtoka kwa saa 5 hadi 7. Asiyekojoa kabisa, nusu hiyo inachukua kama saa 132. Siku tano na ushee! Sasa yeye anaongezewa tatu kila siku juu ya zile ambazo hazijatoka. Wagonjwa wa mashine wengine hupewa 100 tu, tena baada ya kusafishwa damu.

07:21 Mjomba Salim: Na valiamu je? Nilisikia ni kazi ya ini. Ini la mzee zima.

07:26 Khalfani: Kweli mjomba, inavunjwa na ini. Lakini ikivunjwa inazaa mtoto anayelaza vilevile, na mtoto anakaa mwilini kuliko mama yake. Halafu valiamu kama asilimia 98 inashikana na protini za damu, haifanyi kitu. Ile 2 iliyo huru ndiyo inayopanda kichwani. Kwa mgonjwa wa figo protini hupungua na uchafu wa damu unaigombania nafasi. Hiyo 2 ikipanda, ini nalo huivunja zaidi, kwa hiyo si kwamba kidonge kimoja kinakuwa viwili; kinachomlemea zaidi ni yule mtoto. Weka na uzee wake, na ubongo uliokwisha kulewa uchafu huo.

07:27 Khalfani: Kwa hiyo hakuna kumwacha apumzike. Mpelekeni SASA, mfuko wa dawa mkononi, mwambieni daktari kila alichomeza na saa yake. Pumzi zikishuka chini ya 10 au asipoamka kabisa, pitilizeni mapokezi ya dharura.

07:29 Mjomba Salim: Nakuja na gari. Bajaji itamrusharusha.

08:20 Zuhura: Daktari kamwona, kasimamisha gabapentini na valiamu. Kaunganishwa mashine, wanamwangalia kwa karibu.

12:34 Zuhura: KAFUMBUA MACHO 😭 Anauliza nani kala mkate wake wa ajemi.

12:36 Khalfani: 😂😂 Gabapentini hiyo inatoka. Kwenye mashine nusu yake huondoka kwa kama saa 4.

12:37 Mjomba Salim: Kwa hiyo kapona?

12:40 Khalfani: Bado. Valiamu mashine haiwezi kuichuja, imejificha kwenye protini na mafuta ya mwili. Siku mbili tatu atakuwa mzito. Akienda msalani ashikwe mkono. Na Piriton niliyoiona kwenye picha asipewe, nayo inalaza.

12:44 Shangazi Mwanaidi: Na miguu ikimwaka usiku?

12:46 Khalfani: Kabla hamjaondoka muulize daktari, atapanga dozi ya mtu wa mashine. Usiku ukikulemea nipigie, hata saa tisa.

12:51 Mjomba Salim: Dada, asubuhi nilipaza sauti. Leo nakesha mimi.

12:52 Shangazi Mwanaidi: Njoo na mto wako.

12:53 Khalfani: Shangazi, na lile kopo?

12:58 Shangazi Mwanaidi: Dawa kachukua Zuhura. Kopo natia iliki.