Tupeane uzoefu: ni tundu gani kwenye stori ya Mass Effect lililokukosesha usingizi?

Mwana Nkuhungu

Mbukwenyi wakuu,

Uzi huu ni wa waliocheza Mass Effect, zote tatu au hata moja, wakabaki wanakuna kichwa. Najua hapa Dodoma hatuko wengi. Ingia kibanda chochote cha gemu, Majengo au Chang'ombe, ni mpira mwanzo mwisho, na ukimwambia mtu kuna gemu ambalo nusu ya muda unapiga soga na watu ndani ya chombo cha anga, anakuona una matatizo. Lakini tupo, na tukikutana hatuachani mapema.

Sharti ni moja. Usiniletee habari kwamba hakuna chombo kinachoweza kuupita mwanga mbio. Gemu limesema kuna kitu kinaitwa element zero, ukikipitishia umeme uzito wa vitu unapungua, basi, nimekubali yaishe. Tundu tunalolitafuta ni pale stori inapovunja sheria iliyojitungia yenyewe.

Naanza na langu. Sehemu ya kwanza, ya 2007, inatuambia Reaper ni mashine zinazokuja kila baada ya miaka 50,000 kufyeka viumbe vyote vilivyoendelea. Zinajificha nje ya galaksi, na mlango wao ni Citadel, ule mji wa angani ambako serikali zote zimeweka makao yao bila kujua zimekaa kibarazani kwa adui. Zamani mlango ulifunguliwa na Keeper, wale wadudu wanaouhudumia mji, wakishapewa ishara. Waprothean, jamii iliyofyekwa mzunguko uliopita, wachache wao waliosalia sayari ya Ilos wakaivuruga ishara hiyo. Ndiyo maana Sovereign, Reaper aliyeachwa nyuma kulinda zamu, anahangaika gemu zima: anamteka akili Saren, wakala wa Citadel, anakusanya jeshi la maroboti wa geth, anauvamia mji, ili tu mlango ufunguliwe kwa mkono.

Sasa nenda dakika za mwisho za sehemu ya tatu, 2012. Anatokea mtoto wa mwanga, anajiita Catalyst, anasema Reaper wote wako chini yake na Citadel ni sehemu ya mwili wake. Wakuu! Kama bosi alikuwa humo humo ndani miaka yote, kwa nini hakufungua mwenyewe? Sehemu ya kwanza nzima inakosa sababu ya kuwepo.

Leteni yenu.

Fundi Makole

Mkuu hilo lako kubwa, mimi nina dogo ila linaniuma kuliko lako, maana ni la ufundi.

Sehemu ya kwanza bunduki hazina risasi za kuhesabu. Unapiga, chuma kinapata moto, unasubiri kipoe, unaendelea. Sehemu ya pili wakaleta magazini za kupoza joto: unatoa ya moto, unaweka ya baridi. Sababu yao ni kwamba teknolojia ilibadilika katika ile miaka miwili ambayo Shepard, stelingi wetu, alikuwa marehemu. Sawa, simu zenyewe hubadilika kwa miaka miwili tundu la chaji likawa jingine, naelewa.

Kisha unakwenda misheni ya Jacob, mmoja wa wenzako, kumtafuta baba yake. Meli ya mzee, Hugo Gernsback, ilianguka kwenye sayari ya mbali miaka kumi iliyopita, hakuna aliyefika tangu hapo. Unashuka, na chini zimetapakaa magazini za kisasa kabisa. Nani alizipeleka? Niliweka pedi mezani nikacheka peke yangu dukani, mteja akadhani simu yake ndiyo inanichekesha.

Dada wa Ipagala

Yangu ni ndefu kidogo, mnivumilie.

Sisi tuliianza Mass Effect kwenye PS3 ya kibanda kimoja, na kwenye PS3 iliyotangulia kufika ni sehemu ya pili, mapema 2011. Ya kwanza haikuwapo huko mpaka mwisho wa 2012. Walichofanya ni kuweka kitabu cha picha mwanzoni kinachosimulia yaliyopita ili uchague maamuzi yako. Sasa kibanda unalipia muda. Nani akae asome katuni wakati saa inahesabu? Tukaruka. Mazungumzo nayo tukaruka. Kwa hiyo matundu tuliyokuwa nayo sisi yangeweza kupitisha lori.

Aliyetuokoa ni kaka mmoja aliyemaliza kidato cha sita, Kiingereza kinampanda, akawa anatutafsiria kama wale wa kwenye sinema za vibandani. Tena kwa mbwembwe, na sauti anabadilisha. Mnakumbuka sehemu ya pili inavyoanza: Normandy, meli yake, inapigwa, Shepard anavutwa nje angani, hewa inamwishia, anakufa, anaanguka kwenye sayari ya chini. Kibanda kizima kikazizima. Stelingi amekufa dakika za mwanzo? Stelingi hafi! Watu wakaanza kudai hela yao. Kaka akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ya msimulizi: "Huyo aliyekufa ni pacha wake."

Tukatulia. Tukacheza gemu zima tukijua Shepard huyu ni pacha anayelipa kisasi. Na nawaambieni, ilikaa! Kila mtu anayemwambia "nilisikia umekufa", sisi tunaangaliana, tunajua siri. Ashley au Kaidan, wenzake wa zamani, anapomkasirikia pale Horizon, tunasema ana haki, huyu si yule anayemjua. Makovu usoni tukapata maelezo, wamefanana lakini si sawasawa. Nimekuja kucheza mwenyewe kwa utulivu toleo la 2021 lenye zote tatu, nikasoma maandishi ya chini mpaka mwisho, nikaona maelezo ya kweli ya waandishi: maiti iliyoanguka kutoka angani ikafufuliwa kwa bilioni nne za pesa zao. Nikasema bora pacha.

Mwana Nkuhungu

Dada umeniua. Huyo kaka yuko wapi siku hizi, aajiriwe.

Lakini umegusa penyewe. Kufufuka si tundu kwangu, tundu ni kinachofuata baada ya kufufuka, yaani hakuna. Binadamu wa kwanza kurudi kutoka kwa wafu, na galaksi nzima inamuuliza mbona unafanya kazi na Cerberus, kile kikundi cha siri kilichomfufua! Hakuna daktari anayetaka kumpima, hakuna tajiri wa jamii ya asari anayeulizia bei. Shepard mwenyewe analigusia kidogo tu sehemu ya tatu anapoangalia rekodi zile, basi, twende vitani.

Mtani wa Kondoa

Umeitaja Cerberus, ndipo penye kidonda changu.

Sehemu ya kwanza unachagua historia ya Shepard. Mimi nilichukua yule aliyenusurika peke yake sayari ya Akuze, kikosi chote kimeliwa na thresher maw, lile nyoo kubwa la ardhini. Ukitembea tembea unakutana na Toombs, mwenzako mwingine aliyepona, anakwambia lile halikuwa ajali: Cerberus ndio walioyapanga, kisha wakamfanyia majaribio mwilini. Humo humo kwenye sehemu ya kwanza Cerberus wanamuua Admirali Kahoku.

Sehemu ya pili naamka kitandani mwa Cerberus. Navaa nembo yao. Napewa meli yao, mpishi wao, hata tangi la samaki ukutani. Nikasubiri lije chaguo la kusema "nyie ndio mliowaua wenzangu Akuze". Nikasubiri. Kwenye mazungumzo na Illusive Man, bosi wao, unaruhusiwa kununa, kununa tu, na meli lazima uipande. Mtani wangu aliyechagua historia nyingine anaona kila kitu sawa. Kwa hiyo tundu lipo kwa baadhi yetu tu, na hilo ndilo linaudhi, maana gemu lenyewe ndilo lililoniambia nichague.

Kijana wa Swaswa

Sehemu ya tatu, sayari ya Thessia. Kai Leng, yule muuaji wa Cerberus. Nimemchapa hadi kinga yake ikaisha, tena bila kuanguka hata kidogo. Kinaingia kipande cha sinema, anaita ndege ya kivita, eti mimi ndiye nimeshindwa, anaondoka na data. Baadaye anatuma na ujumbe wa kunicheka! Nilizima nikaenda zangu Nyerere Square kupunga upepo.

Mwalimu Mpwapwa

Vijana, nami nacheza, mwanangu ndiye aliyenifundisha. Naona mnasumbuka bure. Hadithi ni hadithi. Bibi zetu walitusimulia Sungura anampanda Fisi mgongoni kama punda na hatukuuliza hatamu alizipata duka gani. Ukianza kuuliza kila kitu unajinyima raha.

Mwana Nkuhungu

Shikamoo mwalimu. Hatamu hatukuuliza, kweli. Ila bibi akisema mwanzoni Sungura amekatwa mkia, kisha mwishoni Sungura huyo huyo akaning'inia kwa mkia, watoto wote tungepiga kelele, na bibi angelazimika kutafuta maneno. Sungura kuongea ni sheria ya hadithi. Mkia kurudi ni tundu.

Mwalimu Mpwapwa

Marahaba. Hapo nimekuelewa. Basi nami ninalo: mbona sehemu ya tatu Reaper wanaivamia Dunia kabla ya Citadel? Mizunguko yote iliyotangulia waliichukua Citadel kwanza, wakazifunga njia za kurukia kati ya nyota, kila jamii ikabaki kisiwa, wakaimaliza moja moja. Ndivyo walivyoelezwa tangu sehemu ya kwanza. Safari hii wanaiacha Citadel wazi gemu karibu zima, Shepard anapita humo kununua silaha na kusuluhisha ugomvi wa watu. Halafu kuelekea mwisho tunaambiwa kwa mdomo tu kwamba wameshaichukua na kuisogeza hadi Duniani. Vita vya kuuteka mji mkuu wa galaksi, hatukuonyeshwa hata moshi.

Mwana Nkuhungu

Mwalimu ulikuwa unatupima tu kumbe!

Wa Block Sita UDOM

Mimi nataka kusema kuhusu kiraka.

Mwisho wa kwanza kabisa, Machi 2012, uliwakera watu hadi mashabiki wakachangishana zaidi ya dola 80,000 za hisani ili kupaza sauti, na wengine wakawapelekea BioWare, watengenezaji wa gemu, kule Edmonton keki ndogo zaidi ya 400, za rangi nyekundu, bluu na kijani, zote ladha moja. Maana miisho mitatu ilikuwa hivyo hivyo, tofauti ni rangi ya mlipuko.

Tundu lililowasumbua wengi: unakimbilia ule mwali wa London unaopandisha watu Citadel, na wenzako wawili, Harbinger, kiongozi wa Reaper, anawapiga. Dakika chache baadaye Normandy inaanguka kwenye sayari ya mbali, mlango unafunguka, wanatoka wale wale wawili. Walipandaje? Juni mwaka huo likaja toleo refu la bure. Lilikuwa karibu GB 2, tukalishusha usiku kucha kwa kifurushi cha usiku, watu wanne modemu moja, kila mtu anazuiwa kufungua kitu kingine.

Sasa tazama kiraka chenyewe. Shepard anaita Normandy, inashuka mbele ya Harbinger, majeruhi wanapandishwa taratibu, kwaheri zinasemwa, machozi, meli inaondoka. Harbinger, ambaye sekunde iliyopita alikuwa anafyatulia hata askari mmoja mmoja, amesimama anaangalia. Ameona watu wanaagana, akaona si adabu kuingilia?

Ila kiraka kimoja kilikaa vizuri. Ile nyongeza ya Arrival ilionyesha kilango cha nyota kikipasuka kinateketeza mfumo mzima, zaidi ya wabatarian 300,000 walikufa Bahak. Kwa hiyo vilango vyote vilipopasuka mwishoni, kwa hesabu hiyo tulikuwa tumeua karibu kila mtu tuliyekuja kumwokoa. Toleo refu likaonyesha vinaharibika bila kuteketeza. Hapo niliwapa maksi zao.

Fundi Makole

Detroit: Become Human inaruhusiwa humu? Kara ni roboti, anachunguza kila kitu kwa macho yake, anakaa na Alice muda wote asijue kwamba ni roboti mwenzake?

Mwana Nkuhungu

Fundi fungua uzi wako. Na lile wanalijibu, Kara hakutaka kujua.

Mtani wa Kondoa

Narudi kwa mwenye uzi. Tundu lako la Catalyst mbona lina jibu? Nyongeza ya Leviathan, Agosti 2012, inaeleza kwamba yule ni akili ya kutengenezwa, ilipewa kazi ya kutafuta suluhu, ikawageuka waliomtengeneza, Harbinger akawa wa kwanza. Akili tu, haina mikono. Keeper ndio mikono yake. Waprothean walipowavuruga Keeper, bosi akabaki amekaa kiti cha enzi bila mtumishi.

Mwana Nkuhungu

Jibu zuri, limenitesa wiki nzima. Lakini Shepard anapoanguka hoi kwenye mitambo mwishoni, jukwaa linapanda lenyewe kumpeleka juu kwa huyo asiye na mikono. Nani alibonyeza?

Wa Block Sita UDOM

Wakuu, sababu iko nyuma ya pazia. Mwandishi mkuu wa sehemu ya kwanza ni Drew Karpyshyn. Ya pili aliandika na Mac Walters, ya tatu akabaki Walters. Ndiyo maana Tali, mwenzake Shepard, yuko sayari ya Haestrom sehemu ya pili anachunguza jua linalozeeka kabla ya wakati wake, yaonekana kwa nishati ya giza, watu wamekufa kwa ajili ya zile data, na sehemu ya tatu hakuna anayeitaja. Karpyshyn alikuja kusema hilo la nishati ya giza lilikuwa wazo walilojadili, halikuwa limekamilika.

Mtani wa Kondoa

Na malkia wa rachni, wale wadudu wa angani? Nilimuua sehemu ya kwanza. Ya tatu naingia pangoni, yupo malkia wa kutengenezwa na Reaper. Nikarudia kuanzia mwanzo, nikamwacha hai, nikafika pango lile lile, kuta zile zile. Walibadilisha jina tu.

Dada wa Ipagala

Hapana kaka. Yule wa kwanza ukimwokoa anakusaidia mpaka mwisho kujenga Crucible, ile silaha ya kuwamaliza Reaper. Wa kutengenezwa ukimwonea huruma anageuka, anaua mainjinia wako. Inaonekana ulimwacha pangoni mara zote mbili. Rudi ucheze.