Tupeane uzoefu: hisia gani hukutoa fedha mfukoni?

Mwenye mada: Ndugu zangu, nimetoka kwenye kikao cha harusi huko Sinza ambako mwenyekiti alisoma ahadi kwa sauti, nikamwona jirani yangu, ambaye kodi ya nyumba inamsumbua, akipandisha mchango wake kutoka 50,000 hadi 150,000 kwa kuwa tu aliyemtangulia alipigiwa makofi. Kwenu ikoje?

Binti wa Tandika: Umenikumbusha marehemu baba. Alipolipwa kiinua mgongo, ndugu walianza kubisha hodi alfajiri, kila mmoja na shida ya kweli: ada, matibabu, bati za kuezekea. Baba aliogopa kuitwa mchoyo kuliko alivyoogopa kufilisika. Aliandika kila mkopo kwenye daftari la kaunta, jina, kiasi na tarehe, lakini safu ya marejesho ilibaki tupu. Mama alipougua na hospitali ikadai malipo ya awali, baba aliketi kitandani akiwapigia waliomo daftarini mmoja baada ya mwingine, na wengi hawakupokea simu. Tukaangukia kwa kausha damu, wale wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, waliochukua kadi ya benki ya dada yangu pamoja na namba ya siri, mshahara ukawa unatolewa kabla yeye hajauona.

Mkazi wa Mbagala: Hilo la kadi hata kwetu limetokea.

Fundi wa Keko: Pole sana, dada. Ila mwenye mada, usiiseme vibaya michango. Mke wangu alipojifungua kwa upasuaji, waliotulipia ni wale wale niliowachangia. Hiyo ndiyo bima yetu.

Mwenye mada: Sipingi kuchangiana, kaka. Napinga kiwango kupangwa na makofi.

Fundi wa Keko: Bila makofi hayo, nusu ya ahadi hazitimizwi.

Muuza vitenge, Kariakoo: Mnasahau uchungu wa hasara. Jirani yangu wa fremu ana mzigo uliopitwa na wakati, hataki kuuza chini ya bei aliyonunulia, na kila mwezi anaulipia stoo. Daniel Kahneman, aliyepewa Nobel ya uchumi mwaka 2002, alieleza jambo hilo pamoja na Amos Tversky tangu 1979: kupoteza kiasi fulani huuma kuliko kukipata kunavyofurahisha.

Mama Ilala: Nunueni kibubu cha mbao kisicho na mlango, na msumari mpigiliwe na mama mkwe.

Mkazi wa Mbagala: Fedha ya kibubu huliwa na mfumuko wa bei. Afadhali vipande (yaani hisa ndogo ndogo) vya Mfuko wa Umoja wa UTT, mfuko wa uwekezaji wa pamoja, kwa sababu kuviuza huchukua siku kadhaa na jazba huwa imeshapoa.

Mama Ilala: Mgonjwa hasubiri siku kadhaa.

Muuza vitenge, Kariakoo: Binti wa Tandika, kadi ilirudi?

Binti wa Tandika: Hapana. Dada aliifunga benki, akapewa mpya. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, mkopeshaji anatakiwa awe na leseni. Iombeni muione kabla hamjatia saini.