Wakuu, hawa watu wa faya wa vijijini huku Marekani hawalipwi, magari wanayatoa wapi?

Ngosha_Ughaibuni:
Habari za majukumu wakuu. Niko Pennsylvania, Lancaster County. Mwanzo tulikaa mjini pale Wakongo wamejaa Kiswahili unaongea mpaka dukani, sasa tumehamia nje huko mashambani majirani zetu ni Waamish, dhehebu la Kikristo lile la mikokoteni ya farasi. Karibu na kwangu kuna jengo la faya, magari makubwa matatu na ambulansi, yanang'aa balaa, ila kila nikipita sioni mtu. Juzi king'ora kikalia nikamuona fundi wa gereji anakimbia, mama wa duka la mbegu anakimbia, na kijana wa Kiamish na kofia yake ya majani naye huyo mbio, wote wanaingia mle. Kumuuliza jirani ananiambia hakuna anayelipwa hata senti. Sasa kwetu nilikotoka wilaya nzima gari ni moja na likifika mnaanza kuulizana kama lina maji. Hawa walianzaje mpaka kufika hapa, na hela ya dizeli inatoka wapi?

Kobe_Mwendopole:
Mkuu umefika penyewe, hilo jimbo la Pennsylvania ndilo chimbuko. Benjamin Franklin na wenzake walianzisha kampuni yao ya kuzima moto Philadelphia mwaka 1736, kila mwanachama anakuja na ndoo zake za ngozi na mifuko ya kuokolea vitu vya mwenye nyumba. Usishangae neno kampuni, si biashara, ni chama cha wanakijiji chenye katiba na mwenyekiti na mtunza hazina, na jengo mara nyingi ni mali yao.

Za vijijini nyingi zimekua kwa mtindo mmoja. Ghala la mtu limeteketea, mji wa karibu uko mbali, watu wanakaa kikao wanachanga wananunua gari la mtumba kutoka kwa faya ya mjini. Hapo sasa ndio minada, bingo, kuku wa kuchoma, chapati zile nene za asubuhi na asali. Hapo Lancaster ngoja mwezi wa tatu uone minada yao wanaita mud sale, kwa sababu ya tope la kipupwe kinapoisha, nenda Gordonville ukaone farasi, mikokoteni, na yale mablanketi ya Kiamish ya kushona kwa mkono yanauzwa hela ya kununulia pikipiki. Waamish hawaendeshi gari lakini mipira ya maji wanashika na kupanda ngazi wanapanda. Pembeni ya hapo serikali ya jimbo inakata kodi ya asilimia 2 kwenye bima za moto za makampuni ya nje ya jimbo, inarudi kwenye mifuko ya wazimamoto wa kujitolea. Hiyo watu wengi hawaijui wanadhani kila kitu ni kuku.

Na magari matatu si mbwembwe. Kijijini hakuna mabomba ya faya barabarani. Gari la kwanza linabeba kama lita 4,000 hivi, ukifungua mipira miwili zinakwisha dakika chache, kwa hiyo lazima boza lije nyuma, wanakunjua bwawa la turubai pembeni ya barabara, boza linamwaga linageuza kwenda mtoni kujaza, lingine linaingia. Ndio maana vijiji vitatu vinne vinaitwa pamoja kwa moto mmoja.

mama_Tunu:
Kobe kaeleza moto vizuri ila ambulansi kairuka na ndiko kwenye kisa chenyewe. Mimi ni EMT, yaani mhudumu wa dharura wa ambulansi, najitolea wikiendi kaunti nyingine si hiyo. Zamani Marekani ambulansi nyingi zilikuwa za wenye biashara ya mazishi, msicheke, kwa sababu wao ndio walikuwa na gari refu la mtu kulala. Roanoke huko Virginia mwaka 1928 Julian Wise alianzisha kikosi cha kujitolea cha uokoaji, alishaona watu wamezama mtoni akiwa mtoto na hakuna wa kuwasaidia. Vikaigwa kila mahali. Halafu 1966 ikatoka ripoti ya wanasayansi kwamba majeruhi wa ajali za barabarani wanakufa kizembe, serikali ikaweka viwango vya mafunzo, wenye majeneza wakaona hailipi wakajitoa. Mzigo ukaangukia hawahawa wa faya.

Tangu hapo ndio umewakuza na ndio unawamaliza. Simu wanazopokea faya nchi nzima moto ni kama asilimia 4 tu, zaidi ya 60 ni wagonjwa: bibi kaanguka bafuni, kifua, sukari imeshuka. Moto ukija mara moja mwezi mzima unaweza kuacha gereji ukaenda, lakini wagonjwa kila siku saa nne asubuhi nani ataacha kazi? Kozi yenyewe inapita masaa 120. Ndio unakuta ambulansi ya kijiji mchana ina watu wa kulipwa, usiku wa kujitolea. Pennsylvania miaka ya 70 walikuwa wanajitolea kama 300,000, sasa hawafiki 40,000. Hayo magari yanayong'aa yasikudanganye, ukiwauliza watakwambia hela ya gari inapatikana, dereva ndio hakuna.

Mtu_wa_Makete:
Kwa hiyo na huku tuanzishe basi, kuku tunao 😂

Kobe_Mwendopole:
@Mtu_wa_Makete unacheka ila Chile karibu nchi nzima faya ni ya kujitolea mpaka Santiago mjini. Inawezekana.

mama_Tunu:
Inawezekana ila tusianze na gari. Tanzania m-mama, mpango wa usafiri wa dharura wa wajawazito, wamepita njia nyingine, mjamzito akizidiwa unapiga 115, wanamtafuta dereva wa kawaida pale pale kijijini mwenye gari lake, akimfikisha hospitali analipwa kwa M-Pesa. Hapo dereva analipwa, na mimi naunga mkono, mtu wa Makete kumwambia achome mafuta yake bure usiku ni kumuonea. Marekani wanajitolea kwa sababu kuna bima ya anayejitolea akiumia, kuna hela za serikali kuu tangu 2001 za kununulia vifaa, na waajiri wengine wanaruhusu mtu kuacha kazi akiitwa. Bila hivyo ni maneno tu.

Ngosha_Ughaibuni:
Nimewasoma nyote. Sasa mimi naweza kujiunga? Kingereza changu bado cha kuungaunga na moto naogopa kusema ukweli.

mama_Tunu:
Kila kampuni ina katiba yake, uliza. Wataangalia rekodi yako polisi, basi. Na si lazima uingie motoni, kuna wa kuongoza magari barabarani, wa kuendesha boza, wa kuhesabu hela za mnada. Wewe ungewafaa kwenye ambulansi, wakiitwa kwa Mkongo aliyehamia huko anaongea Kiswahili tupu wanabaki wanaangaliana. Nenda siku ya mazoezi jioni utakuta mlango wazi. Buti usinunue, watakupa.