Naomba ushauri: urefu wa ramani yangu ya droni haukubaliani na nguzo ya mhandisi

Mpimaji_Kasese: Wanajukwaa, salaam. Nimepiga picha za bonde moja hapa Kasese kwa ajili ya mchoro wa mfereji, lakini urefu wangu uko chini ya ule wa mhandisi kwa zaidi ya mita 10, kila mahali. Je, nikodi laida, kile kifaa cha kupima ardhi kwa miale ya leza?

Mama_Ramani: Kabla ya laida, una kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga? Vijana mnarusha kwanza, mnauliza baadaye.

Mzee_wa_Entebbe: Mwanangu, kabla ya setilaiti ndege zilibeba statoskopu ya kuhisi mabadiliko madogo ya shinikizo la hewa, pamoja na rada ya kupima umbali hadi ardhini. Mwalimu wetu alituonyesha karatasi yake, mstari ukitetemeka kama mwandiko wa mgonjwa. Hata hivyo ilionyesha tofauti tu za urefu, na bila uso wa ziwa au nguzo yenye urefu unaojulikana hukuwa na pa kuanzia. Kituo chako cha ardhini, kile kipokezi cha setilaiti kinachoitumia droni masahihisho, ulikisimika wapi?

Mpimaji_Kasese: Droni yangu ni ya RTK, hurekebisha mahali ilipo papo hapo ikiwa angani, mzee wangu, tena ya mkopo.

Mzee_wa_Entebbe: Sikuuliza droni.

Mpimaji_Kasese: Kwenye ua wa nyumba ya wageni. Nilikiacha kijikadirie chenyewe mahali kilipo, kwa sababu njia ya kwenda kwenye nguzo ilijaa maji.

Shaka_Tupu: Mita 10 na ushei kila mahali, bila kupinda hata kidogo? Hii ni hadithi ya kutangazia laida.

Mpimaji_Kasese: Nguzo ipo kando ya daraja, zege lililopakwa rangi nyekundu, na bamba lake limepasuka pembeni. Nitungie nini?

Fundi_Geodesia: Hajatunga. Setilaiti hupima kutoka kwenye duaradufu, yaani umbo laini la kihesabu la dunia, mhandisi hupima kutoka usawa wa bahari, na hapa Uganda duaradufu imepita juu ya usawa huo kwa zaidi ya mita 10, ndiyo maana namba zako ni ndogo. Weka modeli ya jeoidi, inayoonyesha tofauti kati ya duaradufu na usawa wa bahari kila mahali. Tofauti itakayobaki ni kosa la mahali pa kituo chako, ambalo linaweza kufika mita kadhaa, na hata laida ingelibeba vilevile. Simika kituo juu ya nguzo, kisha pima alama 5 za uhakiki, mojawapo katikati ya bonde.

Mpimaji_Kasese: Maji yakipungua nitakwenda. Ila malipo ya awali ya laida hayarudishwi, kwa hiyo nitairusha tu.

Mama_Ramani: Na kibali?