Farmville, Virginia: wanafunzi walikosea kudai zaidi ya jengo jipya?

Mleta mada

Wadau heshima kwenu. Juzi nimebishana na jamaa yangu kuhusu shule za kibaguzi Marekani, yeye anashikilia kwamba weusi wa Farmville, kamji kadogo tu ka kaunti ya Prince Edward, walijiponza wenyewe, eti wangedai jengo tu wakanyamaza wasingefungiwa shule miaka mitano. Mimi naona kachemka ila naleta hapa tuchambue.

Kwa asiyeijua stori, sekondari ya weusi pale iliitwa Robert R. Moton, ilijengwa 1939 kwa wanafunzi 180, kufika 1951 wamerundikana zaidi ya 450. Wakubwa wakaona dawa ni kuongeza vibanda vya mbao vilivyozungushiwa karatasi ya lami, wenyeji wakaviita mabanda ya kuku. Humo ndani kuna jiko moja la kupashia joto, aliye karibu nalo anaungua, aliye mbali anasoma na koti mwilini, mvua ikinyesha paa linavuja mtoto anafungua mwavuli darasani huku anaandika. Mji huohuo wazungu wana jimu, wana kafeteria, kila kitu.

Tarehe 23 Aprili 1951 binti wa miaka 16, Barbara Johns, akawachezea akili. Mkuu wa shule akapigiwa simu kwamba kuna wanafunzi wake wamepata msala stendi ya basi, kutoka tu, wanafunzi wote wakaitwa ukumbini, walimu wakaambiwa wapishe, mgomo ukaanza (mimi umri huo naogopa hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni). Siku hiyo walitaka shule nzuri kama ya wenzao, basi. Mawakili wa NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, Oliver Hill na Spottswood Robinson, walipofika ndo wakasema kesi ya jengo hatubebi, tunabeba ya kuufuta ubaguzi wenyewe. Wakakubaliana, kesi ikaja kuunganishwa na nyingine nne ikawa ile Brown ya 1954, iliyotangaza ubaguzi kwenye shule za umma ni kinyume cha katiba.

Mdau 1

Mkuu usimdharau jamaa yako. Mwaka 1959 kaunti ilipoamriwa ichanganye watoto ikagoma kutenga hela, shule zote za umma zikafungwa mpaka 1964. Watoto wa kizungu wakahamia shule yao binafsi, Prince Edward Academy, weusi kama 1,700 hawana pa kwenda. Wenye ndugu mbali wakapelekwa, wengine Wakweka (Wakristo wa dhehebu la Quaker) wakawatafutia familia za kuishi nazo majimbo mengine, waliobaki wanasomea vyumba vya chini vya makanisa au hawasomi kabisa. Na walipoletewa ofa ya kufunguliwa shule yao binafsi wakaikataa! Mawakili kwao Richmond, Barbara mwenyewe alishapelekwa Montgomery, Alabama, kwa baba yake mkubwa, mchungaji Vernon Johns, kwa usalama wake. Sisemi alikosea kwenda, nasema bili ililetwa kwa watoto wa darasa la kwanza na la pili ambao hawakugoma wala hawakuulizwa.

Mdau 2

Ile ofa mtego ndugu yangu, ukiikubali umesaini ubaguzi uendelee na kesi inakufa. Halafu hiyo Academy ya wazungu mnayoiita binafsi ilikuwa inabebwa na ruzuku ya jimbo na msamaha wa kodi wa kaunti mpaka jaji alipokuja kuzuia 1961. Hela za umma zipo, ila shule za umma hazipewi. Hata wazungu maskini kuna waliobaki nje pia, hao husikii wakitajwa.

Mleta mada

Mdau 1 nakuelewa, la watoto linauma na sina jibu jepesi. Ila kuna kitu jamaa yangu hakijui na nadhani na wewe umekiruka. Jengo jipya WALIPATA. Kesi ilipoanza kunguruma kaunti ikajitutumua fasta, 1953 Moton mpya ikafunguliwa, ya matofali, nzuri tu, lengo mahakama ione mambo yako sawa. Kumbe miaka sita baadaye ikapigwa kufuli pamoja na nyingine zote. Sasa hiyo "wangedai jengo tu" inasaidia nini wakati jengo lipo na funguo anazo yuleyule? Kilichofungua zile kufuli ni kesi nyingine, ya Griffin, Mahakama ya Juu mwaka 1964, na isingewezekana bila ile ya kwanza. Hivi mngekuwa nyie wazazi mwaka 1951 mngechukua jengo mkae kimya?

Mdau 1

Ya 1953 sikuijua, hapo umenipata. Lakini funguo zilirudi mtoto wa miaka 12 ameshakuwa wa 17, unamrudisha darasa gani? Virginia imekuja kuwapa skolashipu 2004, mtu ana miaka 50 na kitu, wajukuu nyumbani. Chuo cha nini saa hizo?

Mdau 2

Si chuo tu kaka, ilikuwa mpaka ya kumalizia sekondari. Na kuna waliokwenda.