Kompyuta imefomatiwa mara 3 na bado inazima kwa dakika 7, kumbe anayeniroga ni fundi mwenyewe!!

Wakuu heshima kwenu, naandika nikiwa na hasira kwahiyo nikirukaruka mnivumilie.

Nina kastesheneri kangu hapa Mwanza, kopi, kuprinti, kulamineti, ndio mkate wangu. Desktopu moja tu ya mtumba, Windows 10, hadidiski ile ya kizamani ya kuzunguka. Ilikuwa inasuasua kidogo asubuhi nikaipeleka kwa fundi, simtaji, mwenyewe akipita hapa atajijua. Akaifomati, akanambia "dada nimekuongezea na ram ya bure humohumo ndani", (ram ndio ile kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi), na mimi nikashukuru kama zuzu. Elfu 20 hiyo ikaenda.

Tangu siku ile kuwaka inawaka fresh ila kuzima sasa!! Unabonyeza, kioo kinabaki na vile vidoti vinazunguka weee, nilipima kwa simu karibu dakika 7. Kuristati nako ni hivyohivyo. Na jengo letu mlinzi anashusha swichi kubwa saa mbili kamili usiku, hana mjadala yule mzee, kwahiyo kila jioni nimesimama na funguo mkononi "babu dakika mbili tu" huku hiace zinajaa zinaondoka. Siku nikishindwa nashikilia kitufe mpaka ikate kwa nguvu, kesho yake inaamka na kuchunguza diski nusu saa nzima, wateja wamejipanga na vyeti vyao wananiangalia tu.

Nikarudi kwa fundi. Hata kuiwasha aone hakuiwasha. "Hao virusi dada, tufomati." Elfu 20. Vilevile. Nikarudi tena, safari hii ikawa ram ndogo, akatoa ya 4 akaweka 8, elfu 45 na fomati juu elfu 20. Laki na elfu 5 jumla jamani na ugonjwa uleule! Nikamuuliza ram na kuzima vinakutana wapi, akacheka eti hayo mambo ya kitaalamu.

Aliyeniokoa ni mdogo wangu yuko likizo ya chuo. Akasema dada usiguse kitu, zima halafu angalia kile kitaa cha diski. Kimewaka moja kwa moja, hakipepesi. Akanambia ingekuwa programu imegoma kufunga au kazi imekwama kwenye printa diski ingekuwa imetulia, tena zile huduma za ndani Windows inazipa sekunde 5 tu kisha inazikata, hii ya kwako kuna kitu kikubwa inaandika. Akafungua regedit, pale inapokaa mipangilio ya ndani ya Windows, akaenda Session Manager, Memory Management, na hapo akakuta ClearPageFileAtShutdown imewekwa 1. Kawaida inakuwa 0.

Iko hivi, Windows ina faili lake kwenye diski linaitwa pejifaili, ram ikielemewa mizigo inahamia huko. Ukiweka 1, kila ukizima inalijaza faili zima masifuri kwanza ndio izime. Ni kwa ajili ya maofisi yenye siri, mtu asichomoe diski akasoma mabaki. Sasa mimi siri gani, (sawa, vitambulisho vya watu vinapita pale, ila skani zenyewe zimejaa kwenye desktopu mtu yeyote anaziona, hayo masifuri yanalinda nini).

Na ile ram ya bure? Alilitanua pejifaili kwa mkono mpaka GB 24! Diski yangu ajuza inaandika kama MB 60 kwa sekunde, pigeni hesabu wenyewe, sekunde 400. Ndio dakika zangu hizo alizokuwa ananitukania babu wa watu.

Kinachonichoma zaidi ni fleshi yake. Kila akimaliza kufomati anachomeka fleshi anaendesha kifaili chake cha "kuboresha Windows", na kifaili hichohicho ndicho kinaweka ile 1 na zile GB 24. Yaani mara tatu nimemlipa anipandie ugonjwa upya na nikampa na hela ya maji juu!!

Tukaweka 0, pejifaili tukaiachia Windows ijipangie. Kuzima kwa kwanza dakika zilezile, nikataka kulia, dogo akasema subiri, mpaka iwake upya ndio inashika. Ya pili sekunde 18.

Jana nimemfuata na picha zote kwenye simu. Akaangalia weee, akasema "sasa si imepona dada, unalalamika nini". Hela kagoma. Nikamwambia basi nipe ile ram yangu ya 4 uliyoitoa, akainuka akaanza kumtafutia mteja mwingine chaja.