Naomba ushauri: je, Inspekta Zaina afe katika sehemu ya 9?

Mwandishi wa Chumbageni (mleta uzi): Habari zenu wanajukwaa. Ninaandika tamthilia ya uhalifu ya sehemu 13, na yote yanatokea hapa hapa Tanga: mafuta ya kula na sukari ya magendo inayoshushwa usiku kwenye bandari bubu za upande wa Kigombe, na mpelelezi, Inspekta Zaina, anayemwandama tajiri mmoja wa majahazi tangu sehemu ya kwanza. Nafsi inaniambia auawe, ili watazamaji waone kwamba katika biashara ile hakuna aliye salama, lakini kila nikifika ukurasa huo usingizi huniruka. Mngekuwa ninyi mngefanyaje?

Pweza wa Nchi Kavu: Mimi ningemwoza kwanza. Mpelelezi wa Tanga afe hata mkate wa kumimina hajapikiwa? Mji wetu umeuonea.

Bi Mkubwa wa Pongwe: Wanangu, hizi tamthilia za mauaji ndizo zinazowaharibu watoto. Marehemu mjomba wangu alikuwa askari, akastaafu salama, akafia kitandani pake huku tukimsomea Yasini, na hakuna aliyemtungia tamthilia.

Msomaji wa Usiku: Ndugu mleta uzi, kufa si tatizo, tatizo ni kufa bila kuandaliwa. Katika The Wire, tamthilia ya Marekani iliyorushwa kuanzia 2002 hadi 2008 kuhusu jiji la Baltimore, Omar Little, ambaye mitaa mizima ilimkimbia, anapigwa risasi dukani akinunua sigara, na anayempiga ni mtoto, Kenard. Hapati hata neno la kuaga. Hata hivyo mtoto yule tulikwisha kumwona kabla, na mtaa unaolea watoto wa namna ile tulikuwa tumeonyeshwa kwa misimu kadhaa. Stringer Bell naye, kuelekea mwisho wa msimu wa tatu, anauawa kwa hila alizozisuka mwenyewe. Sasa tueleze: Zaina anauawa na nani, na alifanya nini katika sehemu ya 8 hata yakamfika?

Mwandishi wa Chumbageni: Anagongwa na gari kwenye barabara ya Pangani, na dereva hajulikani. Katika sehemu ya 8 haonekani sana.

Msomaji wa Usiku: Mhusika mkuu haonekani sana? Kwa nini?

Mwandishi wa Chumbageni: Basi niseme. Dada anayeigiza nafasi ya Zaina aliomba aongezewe posho baada ya sehemu ya 7, mtayarishaji akakataa, naye hajarudi kazini. Mazishi tumekwisha kuyarekodi Jumamosi iliyopita. Lakini msidhani kwamba ni habari ya fedha peke yake, kwa sababu hata angekuwepo nilikuwa nimeanza kuona kwamba kifo chake kina uzito wa kisanaa.

Karani Mstaafu: Salaam. Nilikaa mahakamani miaka mingi, kwa hiyo nitajibu ninalolijua. Ikiwa tajiri anamuua Zaina ili kesi ife, basi amepata wakili mbaya. Maelezo yaliyoandikwa na shahidi aliyefariki yanaweza kupokelewa mahakamani kwa masharti ya Sheria ya Ushahidi, na vielelezo havikai mfukoni mwa mpelelezi, vina mtunzaji wake na daftari lake. Pia mtuhumiwa huandikwa maelezo ya onyo, yaani yale anayoyatoa polisi baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yake, ndani ya saa 4 tangu akamatwe, isipokuwa muda umeongezwa kisheria. Nimeona tamthilia ambamo mtu anakaa mahabusu wiki nzima, kisha anakiri huku analia, na hakimu anakubali tu. Nilizima televisheni.

Fundi Baiskeli: Samahani, mimi naishi Chumbageni na sijaona kamera wala jeneza. Hakuna tamthilia hapa. Huyu ni mwajiri aliyemdhulumu mfanyakazi wake, na sasa anatafuta watu wa kumwambia kwamba alikuwa na haki ya kumfukuza.

Pweza wa Nchi Kavu: Kwa hiyo Zaina ni mzima? Nibandike chungu?

Mwandishi wa Chumbageni: Nimeumia, lakini nitathibitisha. Haya ni ya sehemu ya 3, kama yalivyo kwenye mswada:

*Usiku. Kigombe. Maji yamekupwa. Zaina anavua viatu vya kazi, anafunga kamba zake pamoja, anavitundika shingoni na kuingia kwenye tope la mikoko. Mwanga wa simu unaangukia dumu la lita 20 lililokwanguliwa nembo. Anafungua kifuniko, ananusa.*
*MPAKUZI: Afande, hilo la mama yangu.*
*ZAINA: Na yale mia moja nyuma yako, ya bibi?*

Msomaji wa Usiku: Fundi, huyu anaandika kweli. Ndiyo maana ile ajali inaniudhi: mwanamke anayekumbuka kuvua viatu kabla ya kukanyaga tope hauawi na gari ambalo hata mwandishi hajui linaendeshwa na nani. Kama mwigizaji hayupo, Zaina apewe barua ya uhamisho kwenda Mpanda, usiku wa kuamkia msako, iliyotiwa saini na mkubwa wake ambaye tumekwisha kumwona akila kwa tajiri. Barua husomwa na mtu mwingine, sura yake haihitajiki. Halafu yule mpakuzi, aliyemwona akinusa dumu, ndiye abaki na siri.

Karani Mstaafu: Hapo ninaunga mkono. Faili huchelewa sana likibadilisha mikono.

Mwandishi wa Chumbageni: Uhamisho sikuwa nimeuwaza, na nakiri kwamba unanisumbua kwa namna nzuri. Lakini mazishi yamekwisha kugharamiwa, na waliokuja kulia walikula pilau. Jeneza lilifunikwa, labda tumzike mtu mwingine.

Pweza wa Nchi Kavu: Mzikeni mtayarishaji.

Bi Mkubwa wa Pongwe: Mwanangu, ya Mpanda nimeyasikia. Posho ya yule binti ya sehemu 7 alizokwisha kucheza, amelipwa?